Dukati Iliyopungua

Kremnica,
Jumamosi, 16 Machi 1935

Kaka yangu mpendwa Radovan,

Pokea salamu zangu, wewe pamoja na wifi yangu Jarmila, na mbusu Agáta kwenye kisigino kwa niaba ya shangazi yake ambaye bado hajamwona. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kimemwacha. Sisi huku tuzima. Goti la Bibi linauma kukiwa na unyevu, na siku hizi kila siku ni unyevu, maana theluji inayeyuka mchana na kuganda tena jioni. Kuku wameanza kutaga. Masomo yangu yanaendelea, isipokuwa mazoezi ya viungo, ambayo huendelea bila mimi.

Barua hii nimeianza mara nne, na karatasi tatu za kwanza zimeingia jikoni mwa Bibi kama kuni. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio, na nimeona nikuambie wewe kwanza. Bibi amekuandikia kwamba Babu hatakuja kwenye ubatizo wa Agáta kwa sababu ya mguu. Mguu wa Babu hauna neno. Jana alipanda mpaka kanisani juu kilimani na kurudi, mara mbili. Anayemzuia ni mimi.

Nieleze tangu mwanzo. Unajua kwamba mwaka huu Mwalimu Benko ametaka shule yetu iwe na maonyesho ya sarafu za kale, kwa kuwa mji wetu umeishi kwa kupiga sarafu tangu enzi na enzi na sisi watoto wa mji, anasema, hatujui kutofautisha dukati ya dhahabu na kifungo. Aliazima sarafu kwa watu anaowafahamu, akazifungia kwenye kabati la kioo, kisha akatafuta mwanafunzi wa kuzipima na kuandika jedwali: uzito, usafi wa dhahabu, na thamani ya kila moja ikilinganishwa na nyingine. Aliuliza nani anataka. Sikuinua mkono. Nilibaki tu baada ya kengele, nikasimama karibu na mlango hadi akaniona.

Kaka, sijawahi kufurahia kazi kama ile. Kulikuwa na florini ya Florence, nyembamba, ina ua la yungiyungi, gramu 3.53, dhahabu karibu tupu. Kulikuwa na dukati ya Venice, na dukati ya Uholanzi yenye askari aliyeshika mishale, gramu 3.49. Kulikuwa na dukati zetu wenyewe, 3.49 vilevile, usafi sehemu 986 katika elfu, mfalme baada ya mfalme, miaka mia baada ya miaka mia, hazikusogea hata chembe. Tena kulikuwa na guldeni ya Rhine. Hiyo ilianza vizuri kama wenzake, halafu watawala wake wakaipunguza kidogo kidogo, huku uzito, kule usafi, mpaka ikafika gramu 3.27 na karati kumi na nane na nusu kati ya ishirini na nne. Nilipiga hesabu nikaona dukati tatu zina dhahabu ya guldeni nne na ziada kidogo. Nilikuwa nikitembea njiani nikiwaza guldeni hiyo, nikapita nyumbani bila kujua.

Hapo ndipo nilipotamani kutia na dukati yetu kwenye jedwali. Unaikumbuka: ya mwaka 1698, mfalme amesimama upande mmoja, Bikira na Mtoto upande wa pili, ile aliyoiacha mama yake Babu ili ashikishwe kiganjani mtoto wa kwanza wa kila kizazi siku ya kubatizwa. Wewe ulishikishwa, na Agáta atashikishwa. Nilimwomba Babu ruhusa ya kuipeleka shuleni. Aliuliza kama kuionyesha tu hakutoshi. Nikasema inatosha. Akaitoa kwenye kitabu cha sala cha Bibi, akanikabidhi ndani ya karatasi ya bluu.

Nilisema inatosha, kisha nikaipima. Mizani ya shule ilisema 3.27.

Nilidhani nimekosea. Nilisafisha sahani, nikahesabu upya vipimo, nikarudia mara sita. 3.27 tu. Nikadhani basi ni bandia, nikaipima ndani ya maji kama tulivyofundishwa, ikapungua gramu 0.17 na si zaidi, kwa hiyo ilikuwa dhahabu ya kweli. Jioni, Babu akiwa kwenye pumbao lake la karata, nilichukua lile jiwe lake jeusi la kujaribia dhahabu, nikapiga mstari mmoja wa dukati na mwingine wa sindano ya kulinganishia yenye usafi unaojulikana, nikadondosha asidi. Mistari yote miwili ilibaki inang'aa sawasawa. Usafi haukuwa na kasoro. Kilichokosekana ni uzito peke yake. Nilipoishika chini ya kioo cha kukuzia nikaona kwenye ukingo, chini ya miguu ya Bikira, mikwaruzo midogo ya tupa, imenyooka, imelingana, kama iliyochorwa kwa rula. Aliyeikwangua alikuwa na mkono uliofundishwa kazi.

Kaka, wewe na mimi tumelelewa na mtu mmoja tu mwenye mkono wa namna hiyo. Ndiye aliyetupiga marufuku kugonganisha hata senti mezani. Ndiye aliyekuwa akisema kwamba anayekwangua sarafu anamkwangua kila mtu atakayeishika baada yake. Aliapishwa kuwa mpima dhahabu akiwa na miaka ishirini na miwili, na mpaka wiki mbili zilizopita wake kwa waume wa mji huu walikuwa wakimletea pete na vipuli avipime kabla ya kuuza, kwa kuwa sonara anaweza kudanganya lakini Imrich hadanganyi.

Niliandika namba hiyo kwenye kadi. Dukati ya Kremnica, 1698, usafi kamili, uzito 3.27, imekwanguliwa.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Walikuja wazazi, walikuja na watu wa kiwanda cha sarafu, akiwemo Mzee Hladík, yule msimamizi mwenye masharubu aliyefundishwa kazi na Babu. Babu alikaa safu ya pili, amevaa koti la Pasaka. Mwalimu Benko alinitaka nisome jedwali, lakini sauti yangu iligoma kama kawaida, akasoma yeye. Alisoma florini, akasoma Venice, akasoma guldeni na watu wakacheka jinsi ilivyokonda. Akafika kwenye yetu, akaisoma kwa sauti ileile, neno kwa neno.

Mzee Hladík ndiye aliyeanza. Alimgeukia Babu akasema, "Imrich, umesikia, bwana? Dukati yako imeolewa na guldeni ya Rhine. Kilo zao sasa ni sawa." Watu wakacheka. Mwingine akadakia kwamba afadhali guldeni, ilishushwa na watawala. Hii ya nyumba ya mpima dhahabu imeshushwa na nani, panya? Wakacheka zaidi. Sidhani walikuwa na ubaya. Walikuwa wakimtania kama walivyozoea, wakingoja arudishe, maana unamjua Babu, hajawahi kushindwa utani. Lakini Babu hakurudisha. Alichukua kofia yake, akapita mbele ya magoti ya waliokaa safu ile, akatoka. Kicheko kikakatika, na nikaona watu wakitazamana. Laiti angejibu chochote, hata uongo, utani ungebaki utani.

Tangu siku ile hapa nyumbani hapakaliki. Ninakaa nasimama. Nafungua kitabu, nasoma ukurasa mzima, sijui nimesoma nini. Babu anatembea juu chumbani kwake, hatua saba kwenda, hatua saba kurudi. Hata sasa ninavyoandika ninamsikia. Mizani yake ameifunga kabatini. Jumatatu alikuja mama mmoja wa mtaa wa chini kuchukua vipuli alivyomwachia apime, akasema ameghairi kuviuza, na hakumtazama usoni. Shuleni wananiita Guldeni. Mtoto mmoja wa darasa la tatu aliniuliza kama ni kweli Babu yangu ana sanduku la unga wa dhahabu chini ya kitanda. Na Jumatano, wakati wa kula, Babu alisema kwa upole kabisa kwamba hatakwenda kwenye ubatizo, na kwamba dukati isipelekwe, mtoto asianze maisha na kitu chenye maneno.

Alhamisi sikuweza tena. Bibi alikuwa akikanda viazi vya madonge, nami nilikuwa nikimkunia jibini ya kondoo. Nikamwambia kwamba najua ni Babu, na sitaki kujua zaidi, ila aniambie tu tulikuwa na njaa kiasi gani hata akaifanya. Bibi aliendelea kukanda. Kisha akauliza, yale mahesabu yote niliyosoma, mizani na maji na asidi, hayakunionyesha dhahabu ilikokwenda? Nikasema hayakunionyesha. Akasema, "Uliila wewe. Kijiko cha chai, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima. Kile cha kwanza ulimtemea Babu yako shatini, akalikung'uta lile shati juu ya karatasi kama lulu zimemwagika."

Haya ndiyo aliyonieleza, na ndiyo sababu nakuomba barua hii uisome peke yako.

Ilikuwa Oktoba ya mwaka 1918, ile homa ya mafua ilipoingia mjini. Wewe ulikuwa na miaka minane, ulikwisha kupelekwa kwa shangazi kule mjini Martin, kwa hiyo hukuona. Baba alikuwa amekufa vitani tangu Juni. Mama akaugua. Bibi alikuwa ameamini tangu utoto wake, kama walivyoamini wazee wake wote, kwamba dhahabu iliyokwanguliwa kwenye dukati yenye Bikira, ikitiwa kwenye maji ya baraka, huondoa homa. Alimwomba Babu amkwangulie Mama kidogo tu. Babu alikataa. Alisema dhahabu haiyeyuki tumboni, inatoka kama ilivyoingia, na kwamba yeye ameapa kutopunguza sarafu. Wamngoje daktari. Daktari hakuja, naye alikuwa kitandani kwake anatetemeka. Mama alifariki Jumapili, wakamzika Jumanne.

Alhamisi mimi nikakataa maziwa. Bibi alisema hakumwomba tena Babu, hakuwa na nguvu ya kuomba. Alikuwa ametoka kuteka maji, na aliporudi alimkuta mezani hapahapa, koti limevuliwa, tupa mkononi, karatasi ya bluu imetandazwa, anakwangua. Bibi alisema alikuwa akilia, lakini mkono haukutetemeka. Alipomaliza kila siku alipima alichokitoa, na akapima kilichobaki.

Kaka, dhahabu si dawa. Mimi najua, Mwalimu Benko anajua, na Babu anajua kuliko sisi wote. Alijua hata siku ile. Alijua, na akakwangua.

Nilimuuliza Bibi kwa nini basi Babu hakusema pale ukumbini. Alinitazama kama mtu anayemtazama kuku. Akasema, "Aseme nini, mwanangu? Aseme kwamba kwa mjukuu aliitoa, na kwa binti yake aliinyima?"

Na sasa nikuambie lile ninaloogopa kuliko yote, kwa maana hata Bibi halijui. Siku ile nilipomwonyesha Mwalimu Benko kadi ya dukati yetu, aliisoma akaniambia niiache. Alisema jedwali letu linahusu viwango vya sarafu, si mikasa ya sarafu moja, na kwamba namba nyingine, hata zikiwa za kweli, huwa zina mwenyewe. Nilimwelewa vizuri sana. Nilimjibu kwamba mpimaji hachagui. Nilisema maneno ya Babu, kwa sauti ya Babu. Lakini sababu haikuwa ukweli. Sababu ni kwamba nilitaka watu waone nimegundua kitu peke yangu, mimi ninayeomba radhi hata nikijigonga kwenye kiti. Nilijua macho yatamwendea nani. Nilijua, na nikaandika.

Jana, Ijumaa, nilipanda juu kabla ya shule. Nilimwomba Babu msamaha nikiwa nimesimama mlangoni, maneno machache, mengine yalikataa kutoka. Nikamwomba ruhusa niandike kadi nyingine. Hakugeuka kutoka dirishani. Alisema niandike ninachoweza kukipima, zaidi ya hapo ni porojo. Nikamwambia kwamba cha kwenye dukati naweza, ila sijui ilikuwa na uzito gani mwanzoni. Akanielekeza kwa kidole kwenye lile sanduku tupu la mizani, lililobaki chumbani kwake.

Ndani ya kifuniko, Kaka, kuna karatasi ambayo hatukuwahi kuiona, kwa sababu tulikatazwa kugusa. Kila mwaka tangu 1881, siku ya kumbukumbu ya mama yake, Babu ameipima dukati na kuandika kwa penseli. 3.49. 3.49. 3.49. Mstari baada ya mstari, mpaka 1917. Kisha: Oktoba 1918, 3.27. Pungufu 0.22, Hedviga. Baada ya hapo hakuna maandishi. Miaka kumi na sita hakuipima tena.

Nilikwenda shuleni, nikamwomba Mwalimu Benko ufunguo wa kabati, nikatoa kadi ya zamani na kuweka mpya. Inasema: Dukati ya Kremnica, 1698. Usafi 986. Uzito 3.49 hadi mwaka 1917, sasa 3.27. Gramu 0.22 alipewa mtoto mgonjwa, Oktoba 1918. Mtoto huyo ndiye aliyeandika kadi hii. Nikaweka jina langu. Habari za Mama sikuziandika, hizo si za kabati.

Lakini kadi husomwa na wanafunzi, na waliocheka hawakuwa wanafunzi. Kwa hiyo saa kumi jioni, watu walipotoka kazini, nilikwenda kusimama kwenye lango la kiwanda. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, kwa maana kichwani yasingekaa. Wanaume walipita wengi, nikawaacha. Alipotokea Mzee Hladík nilimzuia njia na kumsomea karatasi yote kwa sauti, mbele ya wenzake, bila kuinua macho. Nilipomaliza aliniuliza, "Gramu ngapi?" Nikasema 0.22. Akauliza, "Na mtoto yuko kwenye hali ile, alipima?" Nikasema alipima na akaandika. Mzee Hladík akavua kofia, akajikuna kichwa, akawageukia wenzake na kusema, "Basi huyo ndiye Imrich." Mmoja wao alinifuata hatua chache akaniuliza kama Babu hupima Jumamosi, maana mkewe ana pete.

Nilirudi nyumbani, nikafungua kabati, nikatoa mizani, nikaiweka mezani mahali pake karibu na dirisha, nikaifuta. Babu hakushuka jana jioni, wala leo asubuhi. Nimekaa karibu nayo tangu wakati huo, nikikuandikia.

Kaka, ombi langu ni moja. Mwandikie Babu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umwambie kama unaitaka dukati hii kwa Agáta jinsi ilivyo, gramu 3.27. Usimwandikie kwa huruma, ataijua. Mwandikie tu kama unaitaka. Kuhusu Mama usimtajie, mpaka siku atakayoanza mwenyewe, na kama haitafika, haitafika. Kuhusu mimi na ile kadi, unaweza kunikasirikia, nitangoja.

Bibi anakusalimu, anasema wifi asiache kula supu ya kabichi, na kwamba soksi za mtoto ziko njiani. Kuku hawana salamu. Nakutakieni nyote afya na nyumba yenye joto.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hedviga

Nilikuwa nimekwisha kukunja karatasi. Babu ameshuka. Ameuliza mizani imetolewa na nani. Nimesema ni mimi. Ameinama akaitazama kwa muda, akasema sahani ya kushoto bado ina vumbi. Nimeifuta tena.